Dakika Kumi na Moja Nje ya Mlango

Swindon, Februari. Mvua ya rasharasha
isiyoamua kama inyeshe au iache.
Tuko ghorofa ya pili, hotelini, jirani na stesheni:
watu kumi na saba, meza zimepangwa kama kwato,
biskuti zimefungwa mbilimbili,
na maombi arobaini na mawili ya fedha za utafiti.
Fedha zilizopo zatosha tisa.
Labda kumi, tukibana.

Wahenga walionya: kesi ya nyani
usimpelekee ngedere.
Hapa nyani, ngedere, tumbili, sote tumeketi
na majina yetu yananing'inia shingoni,
tunaamua nani aingie shambani.
Na sijui njia nyingine. Nani tena
angejua kama panya sitini wanatosha,
kama seli zile zitafika hai siku ya ishirini na moja?

Asubuhi nilikuwa msomaji wa pili wa ombi la kumi na nne.
Nililisoma mara tatu, usiku, jikoni kwangu Bristol.
Wazo nililipenda, hesabu sikuzipenda.
Msomaji wa kwanza akasema saba.
Mimi nilikuwa nimeandika tano.
Nikasema sita.

Hiyo moja sijui niliitoa wapi:
kwenye sayansi, au kwenye njaa ya saa sita kasorobo,
au kwa kuwa yeye ana sauti nene
na mwakani atakuwa ananisoma mimi.

Nimefundishwa mizani mara mbili.
Ya shairi, nane kwa nane,
silabi ikizidi mwalimu anagonga meza.
Ya maabara, inayohesabu hata pumzi yako ukiinama.
Hii ya tatu haina mawe.
Ina sisi.

Ombi la ishirini na tisa.
Profesa Lockyer hakuinua macho: "Daktari Shemweta, utatupisha."
Nikainuka. Pryce wa Cardiff naye akainuka,
chuo ni chake; mwombaji alikuwa mwanafunzi wangu.
Tamsin Uglow, miaka sita maabarani kwangu,
aliyelala sakafuni kando ya kabati la joto
akilinda damu ya watu wenye selimundu,
akitaka kujua kwa nini baridi
huzigandisha chembe zile ukutani mwa mshipa.
Wodini kijana mmoja alimwambia:
"Dada, mimi natabiri theluji kwa goti."
Sentensi hiyo aliiweka kwenye ombi.
Nilimshauri aitoe. Sijui kama aliitoa.

Koridoni, zulia la kahawia, chai ya mashine.
Hatuongei juu ya hilo. Ni marufuku, na tena ni aibu.
Pryce ananionyesha picha za liki alizopanda,
nene kama mkono wa mtoto.
"Nzuri," nasema. Nasema nzuri mara tatu.

Mlangoni kuna kioo chembamba.
Naona viganja vya mtu vikifunguka, vikifumba.
Naona Sethi wa takwimu akivua miwani;
Sethi huvua miwani akifurahi,
huvua miwani akichukia.
Kicheko kimoja.
Cha nini?

Mengine yalichukua dakika ishirini.
Hili, kumi na moja.
Ama wamekubaliana upesi kwamba ni zuri,
ama wamekubaliana upesi.

Tukaitwa. Skrini imekwisha kufunguliwa ukurasa mwingine.
Nyuso zote zimepigwa pasi.
Ombi la thelathini, msomaji wa kwanza: mimi.
Jina la mwombaji silijui, mji wake sijawahi kufika.
Lakini huenda yupo mtu, mahali fulani,
anayejilazimisha kusifia liki kwa ajili yake.
Nilikuwa nimepanga dakika tano.
Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza polepole.

Jioni, treni ilipopita Chippenham, simu ikatetema.
Tamsin. Hakuuliza, anajua haulizi mtu.
"Huko mvua?"

Nikaandika, nikafuta, nikaandika:
Rasharasha.